Hisa za KenGen: bei ya chini ni nafasi ao ni mutego?

Wakaaji wengi wa Kasongo na Kabambare wanaweka franga zao mahali wanapoona kwa macho: lupango, mbuzi, pikipiki, vitu vya duka ao dhahabu. Hisa, ile wengi wanaita aksio, haishikiki kwa mukono. Ni sehemu ndogo ya sosiete. Mwenye kuinunua anagawiwa faida kama iko, na anapoteza kama mambo yanaharibika.

Kongo haina soko la hisa. Nairobi liko, na sosiete ya umeme KenGen ni mufano muzuri wa kujifunza namna hisa inaweza kuuzwa chini ya thamani yake.

KenGen ni nini

Ni sosiete kubwa kupita zote zinazotengeneza umeme Kenya. Iko na barrage kwenye muto Tana, na mitambo ya Olkaria, karibu na Naivasha, inayotumia mvuke wa moto unaotoka chini ya udongo. Mwaka 2006 serikali iliuzia raia 30% ya hisa, ikabakia na 70%. Hisa moja iliuzwa shilingi 11.90 za Kenya. Katikati ya mwaka 2024 ilikuwa chini ya shilingi 3.

Hesabu ya wenye kusema ni bei nafuu

Kwanza, mali. Hisa zote ni karibu bilioni 6.6. Kwa bei ya shilingi 2.50, sosiete nzima ilipimwa shilingi bilioni 16.5 hivi. Lakini kwenye vitabu vyake vya hesabu, mali ikiisha kutolewa madeni, ilipita bilioni 200.

Pili, faida. Kwa mwaka wa hesabu uliomalizika mwezi wa sita 2024, kila hisa iligawiwa senti 65. Mwenye hisa 1,000 alizonunua kwa shilingi 2,500 alipata 650, kabla ya kodi.

Mwaka 2025 bei ilipanda zaidi ya mara mbili, na faida iliyogawiwa ikafika senti 90.

Sababu bei ilikuwa chini

Bei haikushuka bure. Barrage na mitambo haviuzwi sokoni kama mihogo, kwa hiyo mali ya kwenye vitabu si makuta mukononi. Serikali, yenye 70%, ndiyo yenye sauti kubwa. Mununuzi mukubwa wa umeme ni mumoja, Kenya Power. Akichelewa kulipa, KenGen inaumia. Na kuna miaka ambayo wenye hisa hawakugawiwa kitu. Aliyenunua mwaka 2006 kwa shilingi 11.90 na kuuza mwaka 2024 juu ya shida ya nyumbani, alipoteza mingi, hata kama sosiete ilikuwa nzima.

Bei ya chini inaweza pia kuwa na ukweli

Lupango inaweza kuuzwa bei ndogo juu mwenyewe anahama haraka, ao juu iko na kesi kwenye tribinali. Hisa ni vile vile.

Kabambare inajua mufano mumoja wa karibu. Mugodi wa dhahabu wa Namoya, huko Salamabila, ulikuwa wa Banro, sosiete ya Kanada ambayo hisa zake ziliuzwa kwenye soko la Toronto. Bei ilishuka sana. Mwisho wa 2017 Banro iliomba ulinzi wa tribinali juu ya madeni, na mwaka 2018 hisa za zamani zikafutwa. Aliyezinunua kwa kuona ni bei nafuu alibaki bila kitu.

Uganda, mukataba wa miaka 20 wa sosiete ya umeme Umeme ulimalizika tarehe 31/03/2025. Serikali na sosiete hawakupatana juu ya kiasi cha kulipwa, na thamani ya hisa ikategemea ubishi huo.

Maulizo mbele ya kutoa makuta

- Sosiete inapata faida kweli, na inaigawa kila mwaka?
- Deni lake ni kiasi gani, na nani anamulipa?
- Mukataba wake unamalizika lini?
- Hisa inauzwa kwenye soko linalojulikana, kupitia wakala mwenye ruhusa? Mutu anayepita kijijini na karatasi za "hisa za barrage", akiomba franga mukononi, hana soko nyuma yake.
- Makuta hayo yanaweza kukaa miaka mitano bila kuguswa? Ya masomo ya watoto na ya hospitali hayaingii humo.