Mgombea Alipatikana Geneva, Beni Ilisubiri

Wapiga kura wengi hapa Beni wanauliza: ni nani anayemchagua mgombea kabla sisi hatujamchagua? Swali hilo lina historia.

Tarehe 8 Agosti 2018, Joseph Kabila alimteua Emmanuel Ramazani Shadary kugombea urais kwa niaba ya muungano wa FCC. Wanachama hawakupiga kura; walipewa jina.

Wapinzani nao walikwenda Geneva. Tarehe 11 Novemba viongozi 7 walimchagua Martin Fayulu na kutia saini. Kesho yake Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe wakaondoa saini zao, wakisema wafuasi wao wamekataa. Tarehe 23 Novemba wawili hao wakaungana huko Nairobi. Basi wafuasi walisikilizwa baada ya saini, si kabla.

Sisi tuliumia mara mbili. Tarehe 26 Desemba tume ya uchaguzi CENI iliahirisha kura ya Beni, Butembo na Yumbi hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Tarehe 30 Desemba watu wa Beni walipanga mstari wenyewe, wakapiga kura ya mfano. Rais aliapishwa tarehe 24 Januari. Kura yetu ya Machi ilibaki ya wabunge tu.

Ndugu msikilizaji, hata wewe uliyekimbia kijiji chako, chama kikija kukuomba kura, kiulize kwanza: huyu mlimchagulia wapi, na nani wetu alikuwepo?