Maji ya Fedha: Dawa Iliyotajirisha Wauzaji na Kuwageuza Rangi Wanywaji

Julai 1929, miezi mitatu kabla ya soko la hisa la New York kuporomoka, tajiri mmoja wa Philadelphia aliuza kampuni yake ya dawa na mali yake ikasalimika. Aliitwa Albert Barnes, msomi wa udaktari aliyeiacha tiba akashika biashara. Kilichomtajirisha ni Argyrol, dawa ya madini ya fedha yaliyochanganywa na protini, aliyoanza kuiuza mwaka 1902 akishirikiana na mkemia Mjerumani, Hermann Hille. Faida yake ilinunua michoro 181 ya Renoir na 69 ya Cézanne, ambayo wageni wa Philadelphia wanaendelea kuitazama mpaka leo.

Argyrol imekwisha kupita, lakini ndugu yake bado anauzwa. Ni fedha ya koloidi, yaani maji yenye chembe za fedha ndogo mno zinazoelea bila kuzama, zinazopimwa kwa nanomita, sehemu moja ya milioni ya milimita. Wanaoyanywa huambiwa kwamba yanatibu mafua, vidonda vya tumbo, hata saratani. Wauzaji hupenda kukumbusha kwamba madaktari wa zamani waliitumia fedha. Ni kweli waliitumia. Wasichokisema ni mahali walipoipaka, na yaliyowapata walioimeza.

Tone la Leipzig

Sifa ya fedha ni ya kale. Herodoto aliandika kwamba maji ya kunywa ya mfalme wa Uajemi yalichemshwa, kisha yakasafirishwa katika mitungi ya fedha. Lakini ushahidi wa kitabibu ulipatikana Ujerumani mwaka 1880, katika hospitali ya wazazi ya Leipzig. Siku hizo watoto wengi walikuwa wakipofuka kwa ugonjwa wa macho walioambukizwa na mama mwenye kisonono wakati wa kuzaliwa. Daktari Carl Credé akaanza kumdondoshea kila mtoto tone la nitrati ya fedha yenye nguvu ya asilimia 2. Kabla ya hapo, watoto wapatao 10 kati ya 100 waliugua. Baada yake hawakufika hata mmoja. Nchi nyingi zikalifanya tone hilo kuwa lazima.

Tatizo la nitrati ni kwamba inaunguza. Mwaka 1889 Mmarekani Carey Lea alieleza jinsi ya kutengeneza fedha ya koloidi, iliyo laini zaidi, na mwaka 1897 Benno Credé, mwana wa yule daktari wa Leipzig, akaiingiza katika upasuaji. Hapo ndipo lilipofunguka soko ambalo Barnes alilivuna. Penisilini ilipoenea katika miaka ya 1940, dawa za fedha zikasukumwa pembeni.

Vita vinavyoishia tumboni

Fedha inaua bakteria, hilo halina ubishi. Atomu yake ikipoteza elektroni moja huwa ioni, na ioni hiyo ina uchu mkubwa wa salfa. Vimeng'enya ambavyo bakteria hutumia kupumua vimejaa salfa. Ioni ikijishikiza hapo, kimeng'enya hugoma na bakteria hufa. Katika chupa ya maabara yenye maji matupu, kiasi kidogo sana kinatosha.

Mwili wa binadamu si chupa ya maji matupu. Tumboni fedha inakutana na asidi ya haidrokloriki, yenye kloridi tele. Ioni za fedha na za kloridi zikikutana huungana kuwa kloridi ya fedha, unga mweupe usiopenda maji: lita nzima huyeyusha takribani miligramu 2 tu. Zile chembe za koloidi nazo huliwa na asidi hiyo, zikaachia ioni zinazoangukia mtego uleule. Sehemu kubwa ya fedha iliyomezwa hutoka na kinyesi.

Kiasi kidogo kinachopenya hadi kwenye damu nacho hakifiki kwa bakteria kikiwa huru. Albumini na glutathioni, molekuli za mwili wenyewe zilizobeba salfa, hukidaka njiani. Tabia ileile inayoifanya fedha iue bakteria kwenye chupa ndiyo inayoifunga mikono ndani ya mwili. Salfa ni salfa, iwe ya mdudu au ya mgonjwa, na ya mgonjwa ni nyingi zaidi.

Jua linapoingia

Mwaka 1614 tabibu Angelo Sala aliona kwamba unga wa nitrati ya fedha ukianikwa juani hugeuka mweusi. Mwaka 1777 Carl Scheele, mkemia aliyefanya kazi Sweden, alionyesha kwamba weusi unaoipata kloridi ya fedha kwenye mwanga ni fedha yenyewe iliyorudi kuwa metali. Juu ya msingi huo ilijengwa sanaa ya picha za filamu.

Ngozi ya mnywaji wa fedha hufanya kazi kama filamu hiyo. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, wakiongozwa na Robert Hurt, walieleza mnyororo mzima: fedha iliyoshikwa na salfa ya protini huzunguka na damu, hufika karibu na uso wa ngozi, mwanga huigeuza kuwa chembe za metali, kisha chembe hizo huungana tena na salfa na seleniamu. Matokeo ni rangi ya kijivu inayoelekea buluu, iliyokolea zaidi usoni na mikononi, sehemu zinazopigwa na jua. Michanganyiko hiyo haiyeyuki. Kuogea sabuni yoyote hakusaidii, na leza huweza kupunguza rangi kwa baadhi ya watu tu.

Hili halikuwa siri. Katika karne ya 19 wagonjwa wa kifafa walipewa nitrati ya fedha ya kumeza, na baadhi yao wakageuka rangi. Mwaka 1935 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa 70 waliopatwa na hali hiyo kwa dawa za fedha za aina ya koloidi na za protini, zilezile zilizosifiwa kuwa laini.

Biashara yafufuka

Mwaka 1994 Marekani ilipitisha sheria iliyolegeza masharti ya virutubisho, na fedha ya koloidi ikarudi madukani. Wengine walijitengenezea nyumbani kwa kutumbukiza nyaya mbili za fedha kwenye maji na kuziunganisha na betri. Mtengenezaji wa namna hiyo hajui nguvu ya alichokipata. Stan Jones, mwanasiasa wa Montana, alianza kunywa ya kwake mwaka 1999 akihofia kwamba antibayotiki zingeadimika iwapo kompyuta zingeshindwa kuutambua mwaka 2000. Alipogombea Useneti mwaka 2002, wapiga kura walimwona akiwa wa kijivu.

Agosti 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitamka kwamba dawa za fedha ya koloidi zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala zenye kutibu. Machi 2020 ilibidi iwaonye tena wauzaji, safari hii waliodai kwamba inatibu korona.

Fedha haijafukuzwa katika tiba. Krimu ya silva salfadiazini, iliyobuniwa na Charles Fox mwaka 1968, hupakwa kwenye vidonda vya moto, na wauguzi wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri. Fernando Mazariegos wa Guatemala alibuni mwaka 1981 chujio la udongo wa kuchoma linalopakwa fedha ya koloidi, ambalo mfano wake umeenea katika nchi nyingi maskini. Humo fedha hukutana na bakteria kabla ya kukutana na tumbo. Shirika la Afya Duniani huvumilia hadi miligramu 0.1 ya fedha kwa lita ya maji ya kunywa. Chupa inayotangazwa kuwa na sehemu 10 kwa milioni ina miligramu 10 kwa lita, mara 100 ya kiwango hicho, na anayeinywa hulipia kemia inayomalizika tumboni kabla ya kuugusa ugonjwa wake.