Gari Ilijua Inapimwa

Wasee, gari inaweza kuibia mtihani? Iliibia, tena miaka kadhaa.

Kitambo moshi wa gari ulikuwa unapimwa maabara tu. Gari inapandishwa kwa rola, magurudumu yanazunguka palepale, mashine inapima kinachotoka kwa ekzosi. Sasa kompyuta ya dizeli za Volkswagen ilitengenezwa kutambua hiyo hali: magurudumu yanakimbia lakini usukani umetulia. Ikijua ni mtihani, inasafisha moshi fiti. Ikirudi barabarani, inaacha.

Mwaka wa 2013 timu ndogo ya chuo kikuu cha West Virginia, Marekani, wanafunzi wakiwemo, ilipima hizo gari zikiwa safarini. Wala hawakuwa wanatafuta mwizi. Walifunga mtambo ndani ya gari, wakaunganisha paipu na ekzosi, wakaongeza jenereta ya stima, wakaendesha. Passat moja ilitoka Los Angeles hadi Seattle na kurudi. Jetta nayo ilitoa oksidi za nitrojeni, gesi zinazoumiza mapafu, mara 15 hadi 35 ya kiwango kinachoruhusiwa. BMW waliyopima pamoja nazo, kwa jumla ilikaa ndani ya kiwango. Kumbe inawezekana!

Septemba 2015 Volkswagen ikakubali: gari kama milioni 11 duniani zilikuwa na programu hiyo.

Mimi naona hivi: mtihani ukifanyiwa mahali pamoja kila siku, mwizi ataukariri. Na hakuna mtu anaishi maabara. Moshi tunauvuta barabarani, basi upimwe huko.