Ukuta ulifutwa, hadithi ikabaki

Unadhani sanaa ya Waaborijini wa Australia ni nukta nukta za kupendeza tu? Zii. Serikali iliwakusanya Papunya ili waache mila, waishi kizungu. Mwaka 1971, wanaume wa hapo wakachora hadithi ya sisimizi wa asali kwenye ukuta wa shule. Mwaka 1974 mchoro ukapakwa rangi, ukapotea. Lakini tayari, tangu 1972, wachoraji walikuwa na kampuni yao wenyewe, Papunya Tula. Na wenzao walipolalamika kwamba alama za siri za jando zimeanikwa, waliacha kuzichora. Hapo ndipo nawapea heshima. Kushiriki utamaduni si kuanika kila kitu. Mwenye hadithi ndiye anashika ufunguo.