Behewa Lilienda Nairobi, Stesheni Je?

Wasee, kuna stori ya Makueni ambayo wengi wetu tunaijua nusu. Juni 1900, pale stesheni ya Kima, simba alikuwa anahangaisha watu wa reli. Afisa wa polisi, Charles Ryall, akaamua kumvizia usiku akiwa ndani ya behewa na wenzake wawili. Zamu yake ya kukesha ikafika, usingizi ukamshika. Simba akaingia, akamuua, akamtoa kupitia dirishani. (Na ndiyo, najua kima pia ni nyama ya kusaga. Huo utani nimeusikia tangu darasa la kwanza.)

Hilo behewa liko wapi leo? Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli. Unalipa kiingilio, unapiga selfi, unaenda zako. Mambo yalitokea kwetu, kitu cha kuonyesha kikahamia jijini. Sawa, behewa lina magurudumu. Lakini stesheni haihamishwi. Ikibomolewa imeisha.

Reli ilianza Mombasa 1896 na kufika Nairobi Mei 1899. Miji kama Makindu na Sultan Hamud ilikua ikizunguka stesheni. Halafu 2017 SGR ikaja, ikaweka vituo Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Makindu, Sultan Hamud na Kima zikarukwa. Sasa fikiria jengo kuukuu lisilo na abiria, karibu na barabara kuu ya Mombasa, mahali kila mtu anataka ploti. Unajua vile huisha: mabati yanang'olewa usiku, kisha milango, kisha mtu anasema, "Si limeanguka tayari? Wacha tujenge fleti."

Kuna wale wataniambia hayo ni majengo ya mkoloni, yaende. Nawaelewa. Lakini mkoloni hakubeba mawe. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 wakafa kazini. Waafrika nao walifanya kazi kwenye hiyo reli, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Ukibomoa stesheni, mkoloni hapotezi kitu. Hao ndio wanafutwa mara ya pili.

Sheria ipo, hiyo ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya 2006. Waziri anaweza kutangaza jengo kwenye Gazeti Rasmi kuwa la kihistoria, na baada ya hapo huwezi kulibomoa hivi hivi. Shida ni Katiba imegawa kazi: majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa ni ya serikali kuu, mipango ya ujenzi ni ya kaunti. Kipande House ya 1913 iko katikati ya Nairobi, kila mkubwa anaiona. Kima nani anaiona? Kwa maoni yangu kaunti isingoje waziri. Ianze na orodha yake, na mtu asipewe kibali cha kubomoa kabla orodha haijaangaliwa.

Tena hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano. Hekalu la Masingasinga la Makindu lilijengwa 1926, na hadi leo msafiri yeyote anakula bure hapo. Hakuna mtu anaongea kulibomoa, kwa sababu kila siku kuna chai, kuna watu, kuna viatu mlangoni. Stesheni nayo ipewe kazi: maktaba, soko la vikapu, hata ofisi ya vijana.

Kama uko Makindu, Sultan Hamud au Kima, wikendi hii piga picha ya stesheni ya kwenu, nje na ndani kama unaruhusiwa. Kisha muulize susu yako alipanda treni hapo lini mara ya mwisho, na alikuwa anaenda wapi. Nitumie zote mbili.