Vyura wa Kihansi: ukoo uliopitia Bronx kurudi Mlimani

Imepita robo karne tangu vyura 499 wa Kihansi wapandishwe ndege kwenda bustani ya wanyama ya Bronx, New York, mwishoni mwa 2000. Wengi wetu tunawakumbuka kwa utani tu: vyura waliotaka kutukosesha umeme. Wachache wanajua kwamba mwaka 2010 vyura 100 wa ukoo huo walirudishwa na kupokelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani.

Chura huyu aligunduliwa 1996 katika korongo la Kihansi, Udzungwa, akiishi kwa manyunyu ya maporomoko kwenye eneo la hekta chache tu. Bwawa la umeme la megawati 180 likachukua karibu maji yote. Mabomba ya kunyunyizia maji yakawekwa, vyura wakaongezeka, kisha ghafla wakapukutika. Ugonjwa wa kuvu unaoua vyura ulikuwa umefika korongoni. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba ametoweka porini.

Kisa chenyewe kiko Bronx. Nani angejua namna ya kumlea chura wa sentimita mbili, asiyetaga mayai bali huzaa, na ambaye watoto wake huonekana kupitia ngozi ya tumbo la mama? Walikufa kwa mamia. Kufikia 2004 walikuwa wamebaki kama 70.

Hapo ndipo hesabu ya vinasaba inapouma. Hata wakizaliana wakafika maelfu, wote wanarithi kilichobebwa na hao wachache. Kilichokwenda na waliokufa hakirudi. Ndugu wakipandana kizazi baada ya kizazi, kasoro zilizojificha hujitokeza. Ili kuzuia hilo, swala aina ya bongo wa Kenya huandikwa kwenye kitabu cha ukoo, mmoja mmoja, dume na jike wakichaguliwa kwa karatasi. Chura mdogo hivi huwezi kumvisha kitambulisho. Unafuatilia kundi zima, tangi kwa tangi. Kuwa na vyura Bronx, bustani ya wanyama ya Toledo na Mlimani ni akiba pia: ugonjwa ukiingia mahali pamoja, ukoo hautoweki.

Mwaka 2012 walianza kurejeshwa korongoni.

Waliolalamikia gharama za kumwokoa chura huyu wakati wa mgao wa umeme walikuwa na hoja. Lakini fedha zimeshatumika, na mnyama ni wetu. Chuo kiwaruhusu basi wanafunzi wa Manzese na Mbagala wamwone, hata kwa nyuma ya kioo.