Neno "Wastani" katika Tahadhari za Hali ya Hewa: Kutoka Majira ya Demani hadi Zama za Setilaiti

Katika wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani, ipo kata iitwayo Dimani. Baharia akilisikia jina hilo hukumbuka mambo mawili: majira ya demani, wakati kusi inapoanza kulegea, na upande wa demani katika chombo, yaani ule usiopigwa na upepo, kinyume cha upande wa joshini. Tumeanza na jina hili kwa makusudi. Yapo mazoea ya kudhani kwamba lugha ya hali ya hewa ni lugha ngeni, iliyoletwa na mitambo, na kwamba kazi ya msanifu wa istilahi ni kuitafutia mavazi ya Kiswahili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Kiswahili kilikuwa na msamiati wake wa hali ya hewa kabla ya mitambo hiyo, na ugumu tulio nao leo, hasa kwa wakazi wa delta ya Rufiji, umetokana kwa sehemu kubwa na kuliachia neno moja tu, "wastani", mizigo isiyolistahili.

Watu wa pwani walihesabu mwaka kwa pepo na kwa mvua. Kaskazi iliwaleta wafanyabiashara wa Arabuni na Bara Hindi, na kusi iliwarudisha. Kati ya pepo hizo mbili palikuwa na tanga mbili, wakati ambapo chombo chaweza kusafiri upande wowote. Masika na vuli yalikuwa majina ya mvua, lakini pia yalikuwa majina ya kazi, kwa kuwa kila moja ilikuwa na kilimo chake. Sifa ya maneno haya ni kwamba hayakueleza hewa peke yake, bali yalimwambia msikilizaji la kufanya. Anayeambiwa "kusi imeingia" hahitaji kufafanuliwa kwamba asubiri kusafiri kwenda kusini.

Wakulima wa bonde la Rufiji waliongeza maneno yao wenyewe. Kilimo cha mlau ni kilimo cha kupanda katika udongo uliolowanishwa na mafuriko baada ya maji kupungua, na dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo mlinzi wa shamba hukaa. Maneno hayo mawili yanatosha kutuonyesha kwamba kwa Mrufiji mafuriko hayakuwa maafa tu. Yalikuwa mgeni anayengojewa, ambaye akija kwa kiasi huacha neema, na akizidi huondoka na kila kitu. Mwaka 1968 alizidi, na baada yake Serikali iliwahamishia wakazi wengi wa bondeni kwenye sehemu za juu. Wakati huo tahadhari haikuwa tangazo la redioni. Ilikuwa amri ya kuhama.

Jambo la pili analolijua mtu wa delta, na ambalo tutalirudia mbele, ni kwamba maji yanayomfuata si lazima yawe ya mvua aliyoiona. Mto Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, na bonde lake lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mvua yaweza kunyesha katika nyanda za Iringa na Mbeya, na siku kadhaa baadaye mto ukafurika Msala au Mbuchi huku anga ikiwa nyeupe.

Idara ya kwanza ya kisasa ya hali ya hewa katika Afrika Mashariki iliundwa na Waingereza mwaka 1929, makao yake yakiwa Nairobi. Utabiri ulikuwa wa Afrika Mashariki nzima hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na idara yake. Huku kwetu Wakala wa Hali ya Hewa uliundwa mwaka 1999, nao ukawa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019. Katika miaka hiyo yote maneno ya msingi yalitulia bila ugomvi: "hali ya hewa" kwa mambo ya siku, na "tabia ya nchi", ambayo sasa huandikwa tabianchi, kwa mambo ya miaka. Huo ni usanifu mzuri, na tunausifu kwa sababu mara nyingi watu husifu istilahi zenye makelele tu.

Setilaiti ya kwanza iliyofanikiwa kupiga picha za mawingu, TIROS-1, ilirushwa na Marekani tarehe 1 Aprili 1960. Miaka kumi baadaye, tarehe 12 Desemba 1970, chombo cha kuchunguza miali ya nyota kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi. Kilipewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Hivyo neno la Kiswahili lilifika angani kabla Waswahili hawajakubaliana juu ya jina la chombo chenyewe. Hata leo wengine huandika satelaiti na wengine setilaiti. Sisi tunafuata setilaiti, lakini hatuoni kwamba tofauti hiyo imewahi kumdhuru mtu yeyote.

Yaliyotuhusu zaidi ni yale ya Meteosat. Ya kwanza ilirushwa na Wazungu wa Ulaya mwezi Novemba 1977, ikasimama juu ya ikweta kwa umbali wa kilometa 36,000 hivi, na kutuma picha kila baada ya nusu saa. Kizazi cha pili kilianza kazi mwaka 2004, kikituma picha kila baada ya dakika 15. Ili nchi za Afrika zisiachwe nyuma, Umoja wa Ulaya uligharimia mradi uitwao PUMA, uliozipatia idara za hali ya hewa za bara zima vituo vya kupokelea picha hizo. Kituo kilikuwa na dishi, kompyuta na programu ya kuzifungua na kuzisoma picha. Hapo mtabiri wa Dar es Salaam alipata kuona wingu likikua juu ya bahari karibu wakati ule ule linapokua.

Lakini mtabiri akiona, mvuvi wa Maparoni ameona nini? Swali hilo ndilo lililozaa mpango mwingine, RANET, uliohusishwa na kituo cha hali ya hewa cha Afrika kilichoko Niamey, Niger. Mpango huu ulitumia redio za kampuni ya WorldSpace, ambayo setilaiti yake ya AfriStar ilirushwa mwezi Oktoba 1998. Redio ndogo yenye antena yake iliunganishwa na kompyuta, na taarifa za maandishi na picha zikashuka mahali pasipo na simu wala umeme wa gridi. Nchini Kenya wazo hilo lilizaa vituo vya redio vya jamii, kama kile cha Kangema na kile cha Budalangi, ambako mto Nzoia huwatesa watu kama Rufiji unavyowatesa wetu. WorldSpace yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwezi Oktoba 2008, na redio zake zikanyamaza. Simu ya mkononi ikachukua nafasi.

Vyombo hivyo vilipokelewa na lugha kwa namna ya kupendeza. Wananchi hawakungoja kikao cha istilahi. Dishi waliliita ungo, kwa umbo lake, ingawa ungo una habari zake za usiku ambazo hatuna haja ya kuzieleza hapa. Matangazo ya televisheni yalipohamia mfumo wa dijiti kuanzia mwisho wa mwaka 2012, kifaa cha kufumbua mawimbi kikaitwa king'amuzi, na jina hilo likaenea nchi nzima kwa muda mfupi kuliko istilahi yoyote tunayoikumbuka. Kung'amua ni kutambua jambo lililofichika, na kila aliyelisikia aliona maana. Basi vyombo havikutushinda. Kilichotushinda ni ujumbe unaopita ndani yake.

Ujumbe huo sasa huandaliwa kwa programu. Tangu mwaka 2004 ipo itifaki ya kimataifa ya pamoja ya kutoa tahadhari, ambayo humtaka mwandishi ajaze visanduku vitatu: jambo ni la haraka kiasi gani, ukali wake ni upi, na uhakika wake ni upi. Kila kisanduku kina daraja zake, nayo mashine hairuhusu kubuni daraja nyingine. Ukishajaza mara moja, ujumbe ule ule waweza kwenda kwenye simu, redio, televisheni na mitambo ya nchi jirani. Kwa fundi huu ni urahisi mkubwa. Kwa mwanaistilahi ni mtihani, kwa sababu neno likichaguliwa vibaya kosa lake nalo huenea kila mahali kwa dakika moja.

Mamlaka yetu hutumia daraja tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, zikifuatana na rangi ya njano, ya chungwa na nyekundu. Kwenye ramani mpangilio huo ni dhahiri. Redioni rangi haionekani, na katika ujumbe mfupi wa simu haionekani pia, kwa hiyo maneno hubaki peke yake. "Angalizo" ni neno ambalo msomaji hulijua kutoka vitabuni, likimdokeza jambo la pembeni. Daraja yake ya chini ni haki yake. "Tahadhari" na "tahadhari kubwa" hazitofautiani kwa sauti, na upepo wa redio mbovu ukimeza neno "kubwa", daraja nzima imepotea. Aidha wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, wakiyatenga maneno hayo mawili: tahadhari ni ya kujiandaa, hatari imeshafika. Wengine wamependekeza "onyo" kwa daraja ya juu. Hatulipendi. Onyo lina harufu ya mwalimu mkuu na barua ya mwajiri, nalo humfanya msikilizaji ajiulize amekosa nini.

Sasa tufike kwenye "wastani". Chini ya tangazo la mvua kubwa husomwa kwamba uwezekano wa kutokea ni wastani, na kiwango cha athari ni wastani. Hapo maana yake ni daraja ya kati. Lakini mtu huyo huyo, mwanzoni mwa msimu, amesikia kwamba mvua zitakuwa "za wastani hadi juu ya wastani", na huko wastani ni hesabu: ni mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya ile iliyozoeleka kwa miaka mingi. Mvua ya wastani katika maana hii ni habari njema. Ndiyo mvua ya mlau. Mkulima aliyeambiwa mwezi Machi kwamba wastani ni heri, atawezaje mwezi Aprili kusikia "athari wastani" na kuhamisha mpunga wake? Na kama tungeyatafsiri neno kwa neno madaraja ya dhoruba ya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, mzigo wa tatu ungeongezeka, maana dhoruba yenye upepo wa kilometa 63 hadi 88 kwa saa ingeitwa "dhoruba ya wastani". Huo ni upepo wa kupindua mtumbwi.

Kimbunga Hidaya kilitupa mfano wa karibu. Pwani yetu haivizoei vimbunga: cha Unguja kilipiga tarehe 15 Aprili 1872, na cha Lindi tarehe kama hiyo mwaka 1952. Hidaya kilisogea mwanzoni mwa Mei 2024, kikafika Mafia tarehe 4, mbele ya mdomo wa Rufiji. Safari ya kimbunga hicho ilifuatiliwa kwa setilaiti, Mamlaka ilitoa taarifa mfululizo, na safari za boti zilisimamishwa. Kazi ilifanyika. Hata hivyo tunaona mambo mawili. Hidaya katika kamusi ni zawadi, na majina haya huandaliwa na nchi za eneo letu kabla ya msimu, kwa hiyo Baraza la lugha laweza kuulizwa mapema. La pili ni kwamba neno "kimbunga" wengi walilijua kwa upepo wa kuzunguka unaoezua mapaa kijijini, jambo la dakika chache. Tungalilihifadhi kwa mfumo wa bahari pekee, na ule mdogo tukauachia jina lake la chamchela.

Mwezi mmoja kabla ya Hidaya, Rufiji na Kibiti zilikuwa tayari ndani ya maji. Mvua kubwa ya El Niño ilikuwa imenyesha juu ya bonde zima, na mto sasa una Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Hapa ndipo tofauti tuliyoitaja inapokuwa ya uhai. "Tahadhari ya mvua" na "tahadhari ya mafuriko" si kitu kimoja kwa mtu anayekaa mwisho wa mto. Ya kwanza hutokana na mawingu, ya pili hutokana na vipimo vya mto na milango ya bwawa, na taasisi zinazozitoa ni tofauti. Jumbe hizo zikipewa jina moja, mkazi wa Kiongoroni atatazama juu, ataona jua, na kurudi dunguni.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo kwa watakaokaa na wataalamu wa hali ya hewa na wa maji. Neno wastani libaki kwenye hesabu ya mvua tu. Daraja ya kati ya uwezekano iitwe "huenda", na daraja ya kati ya athari ielezwe kwa kitu kinachoonekana: maji ya magoti, barabara isiyopitika. Daraja ya juu iitwe hatari. Ujumbe wenyewe, ule unaotoka kwenye programu na kupita kila kipokezi, uitwe mbiu, kwa jina la pembe iliyopigwa zamani ili watu wakusanyike. Na kuwe na mbiu ya mvua, mbiu ya upepo na mbiu ya mto, kila moja kwa jina lake. Maneno haya yajaribiwe kwanza kwa sauti, redioni, mbele ya wasikilizaji wa Dimani na wa visiwa vya delta, kabla ya kuchapwa katika orodha yoyote.